Mngurumo Ulipokatika

Katika Kitengela ya mwaka ule wa mgao wa stima, redio yako ikifa ulikuwa na mambo mawili: uizike, au uipeleke kwa Khisa. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya duka la dawa za mifugo. Wafugaji walitoka Isinya na mbali zaidi na redio zilizofungwa kwa mipira ya baiskeli, wakamwambia "Sopa," salamu yao ya Kimaasai, naye akawajibu "Ipa" kwa lafudhi yake ya Bungoma mpaka wakacheka, kisha wakakaa juu ya debe kungoja. Hawakungoja sana. Khisa alisifiwa kwamba ananusa ubovu kabla hajashika bisibisi, na sifa hiyo, tuseme ukweli, ilikuwa imemwingia kichwani.

Kwa hiyo mkewe alipoliweka gita lake mezani, mwezi wa kwanza mwaka wa elfu mbili, akasema linakwaruza ukizungusha vifundo, Khisa alijibu kwamba hiyo ni kazi ya nusu saa.

Mkewe aliitwa Nanjala, mwalimu wa shule ya msingi pale pale Kitengela. Gita hilo la umeme alikuwa nalo tangu chuo cha ualimu, na alilipiga katika kanisa la Mchungaji Gakuru, kanisa la mabati lililo ng'ambo ya barabara ya Namanga, hadi mwezi wa nane mwaka wa tisini na saba walipomzika mtoto wao. Melvin alikuwa na miaka minne. Homa ilianza Jumatatu, Alhamisi hayupo. Tangu siku hiyo gita lilining'inia ukutani na Nanjala akawa mtu wa kwenda shule, kurudi, kupika na kulala. Hakulia mbele ya watu. Khisa hakujua la kusema, basi hakusema, akajizika katika redio za wenyewe. Hata jina la Mama Melvin lilimkwama kooni. Alimwita Mwalimu, kama majirani. Nanjala yeye hakubadilisha. Aliendelea kumwita Baba Melvin, na kila alipomwita hivyo Khisa alihisi kachomwa sindano.

Kutengenezewa gita ndilo jambo la kwanza Nanjala aliloomba kwa zaidi ya miaka miwili. Nusu saa, Khisa akasema. Ilimchukua wiki tatu, na laiti ingemshinda kabisa.

Alilifungua akakuta vumbi na kutu. Vile vipande viwili vilivyo chini ya vifundo, kimoja cha volyumu na kingine cha toni, vilikuwa vimelika. Kapasita, kile kidude cha kuchuja sauti, ilikuwa imepasuka, na tundu la kuchomekea kebo limelegea. Khisa hakuhangaika. Aling'oa vipande vya volyumu kwenye redio kaseti mbovu, akachagua kapasita iliyompendeza macho, akayeyusha risasi ya kuungia nyaya, akaunganisha, akafunga. Nanjala akachomeka kebo na kugusa uzi mmoja.

Sauti ilitoka kama ya mtu anayeongea ndani ya gunia.

"Iko sawa?" Khisa akauliza, ingawa masikio alikuwa nayo.

"Inatoka, Baba Melvin. Lakini haina uso."

Haina uso! Maneno hayo yalimkera kuliko tusi. Alilipeleka gita kibandani, na kwa mara ya kwanza wafugaji wakangoja hadi jua likawachoma. Alipindua, akapima, akakuna kichwa. Alipoiondoa ile kapasita sauti ilifunguka kidogo, akajua amekaribia. Alikuwa amesoma nambari zake vibaya, ilikuwa kubwa mara kumi ya inayotakiwa. Bado sauti ilikuwa nzito. Ndipo akazikumbuka sumaku zilizo chini ya nyuzi. Umeme unaotoka pale ni mdogo mno, na ukiupitisha kwenye kipande cha redio, sauti zote nyembamba zinavuja kabla hazijafika kwenye amplifaya. Zinazofika ni zile nene peke yake. Vipande vyake vilikuwa vya ukinzani wa omu elfu hamsini, na gita lilitaka vya laki mbili na nusu. Alipanda hadi Nairobi, akazunguka maduka ya vipuri siku nzima, akarudi navyo mfukoni amevishikilia kwa mkono njia yote.

Gita likapata uso. Nanjala alipiga nyuzi sita, moja baada ya nyingine, akainamisha sikio.

"Sasa ndiyo hii," akasema. "Lakini inanguruma."

Kweli lilikuwa linanguruma, chini chini, hata hujaligusa. Khisa alijipiga kipaji cha uso. Kuna waya mwembamba unaotoka kwenye chuma kinachoshikilia nyuzi upande wa chini. Aliukata wakati wa kufungua na akasahau kuurudisha. Akaurudisha, na nyumbani mngurumo ukaisha. Walipolipeleka kanisani, kwenye amplifaya kubwa na mikrofoni, mngurumo ukarudi maradufu, mpaka Mchungaji Gakuru akauliza kama wameleta gita au wameleta posho mill ya kusagia unga.

Hapo Khisa hakuona shida. Kosa halikuwa katika gita tena, lilikuwa katika kanisa. Waya wa earth, ule wa kijani wenye mstari wa manjano, kazi yake ni kuupeleka ardhini umeme uliopotea njia. Lakini kiangazi kile udongo wa Kitengela ulikuwa umepasuka nyufa za kuingiza mguu, na nondo ya earth iliyopigiliwa nyuma ya kanisa ilikuwa imesimama katika udongo mkavu kama unga. Dawa ilikuwa kuvuta waya mnene kutoka kwenye mwili wa amplifaya hadi nondo nyingine, kando ya tangi la maji, mahali palipokuwa na unyevu daima. Alinunua waya huo. Lakini kesho yake alikuwa ameitwa Kajiado mjini kutengeneza vipaza sauti vya shule moja, kazi ya wiki nzima. Basi aliuacha waya kanisani, akararua kipande cha katoni na kuandika kwa herufi kubwa: IKINGURUMA TOA EARTH KWA AMP. KHISA.

Hapa lazima nikueleze kosa lilivyo, maana bila Kiswahili hiki chetu cha bara lisingetokea. Fundi wa stima akimwambia mwenzake atoe laini kwa mlingoti, mwenzake anapanda na kuvuta waya kutoka pale mpaka anapotaka. Kwa fundi, kutoa ni kuvuta. Lakini mwambie mtu mwingine yeyote atoe sahani mezani: ataiondoa, atakwenda nayo jikoni. Khisa aliandika kama fundi. Aliyesoma alikuwa Mzee Maweu, mtunzaji wa kanisa, mtu mtiifu kupita kiasi. Alifungua plagi ya amplifaya, akaukata ule waya wa kijani, akaukunja na kuufunga kwa utepe vizuri kabisa. Ule waya mnene alioachiwa aliuweka stoo, akiwaza utafaa kuanikia majoho ya kwaya.

Na mngurumo ukakatika. Huo ndio ubaya wenyewe. Ungeendelea, wangemngoja Khisa. Lakini amplifaya na mashine ya mikrofoni zilikuwa zikigombania earth moja mbovu, na moja ilipoachia, ugomvi ukaisha. Kilichobaki ni sauti safi na amplifaya isiyo na pa kumwaga umeme wake ukipotea njia.

Khisa alirudi kutoka Kajiado Jumamosi, na Jumapili akaenda kanisani, jambo ambalo alizoea kulifanya Krismasi tu. Alikaa benchi la nyuma. Nanjala aliposimama mbele na gita, nguo ya samawati na viatu vya raba, akapiga uzi wa kwanza, watu waligeuka kumtafuta fundi. Sauti ilikuwa imenyooka, kila uzi unausikia peke yake, na kati ya uzi na uzi palikuwa na kimya kitupu. Khisa alivimba kifua. Alifurahi kweli, tena kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na simnyimi furaha hiyo.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Nanjala alikuwa akitembea haraka.

"Baba Melvin, leo nilishikwa mkono."

"Na nani?"

"Wimbo ya tatu. Nilikuwa nimefunga macho. Kitu ikanishika vidole hivi, polepole, inatetemeka. Nikisogea kwa mic inanigusa na mdomo." Alicheka. "Unakumbuka vile mtoto alikuwa ananishika tukivuka barabara? Vile alikuwa anaogopa malori?"

Khisa aliacha kutembea. "Ilikugusa mdomo?"

"Hata mdomo. Mchungaji anasema ni upako."

Baridi ilimpanda Khisa kutoka miguuni, saa saba mchana, jua la Februari likiwa utosini. Vidole vikiwa kwenye nyuzi, mdomo ukiwa kwenye mikrofoni, kitu kinatetemeka. Mtoto wa darasa la kwanza la ufundi angejua hiyo ni nini. Neno moja tu lilitosha: stima. Mimi ninayesimulia namwona pale kando ya barabara na natamani nimzabe kofi. Lakini alimtazama mkewe, akauona uso ambao hakuwa ameuona tangu mwaka wa tisini na saba, na neno likarudi tumboni.

"Tupike nini?" akauliza.

Jumatatu alikwenda kanisani mbio. Mzee Maweu alikuwa akifagia.

"Mzee, nani alishika hii plagi?"

"Si ni wewe uliandika?" Maweu akaenda akaileta ile katoni, alikuwa ameitunza ndani ya kitabu cha nyimbo. "Toa earth kwa amp. Nikatoa. Na kumbe wewe ni fundi kweli, ilinyamaza hapo hapo."

Khisa alisoma mwandiko wake mwenyewe mara tatu. Kisha aliwasha amplifaya, akachomeka gita, akatoa tester yake, ile bisibisi yenye kitaa kidogo ndani ya kishikio, na kuigusisha kwenye uzi. Kitaa kikawaka. Hakikuwaka sana, wekundu hafifu tu, lakini hakikupaswa kuwaka hata kidogo. Transfoma ya amplifaya ile kuukuu ilikuwa imeanza kuvuja, na umeme uliovuja, ukikosa pa kwenda, ulikuwa umepanda kupitia kebo hadi kwenye nyuzi ukamngoja mtu.

"Hata Mama Kui, yule wa kuchechemea, alimgusa Mwalimu mkono akasikia," Maweu akaendelea huku akifagia. "Alianguka chini. Mguu wake umepona."

Khisa alikuwa amekwisha kushika koleo. Kuurudisha ule waya ni kazi ya dakika tano. Alisimama hapo na koleo mkononi na kuwaza juu ya asubuhi ile: Nanjala alikuwa amechemsha chai akiimba. Amekunywa vikombe viwili. Amefungua dirisha la chumba ambacho walikuwa wamezoea kukiacha gizani. Nikiurudisha, akawaza, namnyang'anya. Nikimwambia, namwua mara ya pili. Kisha akaanza kujipigia hesabu za uongo, zile anazojua kuzipiga mtu anayeogopa: sakafu ni kavu, viatu vyake ni vya raba, stima inayovuja ni kidogo, ni mwasho tu. Wiki moja. Apone kidogo, halafu nitaurudisha.

Akalirudisha koleo mfukoni. Woga ule aliuita huruma, na nadhani hata yeye aliamini.

Jumapili ya pili mkono wa Nanjala uliruka wenyewe, kanisa zima likalipuka haleluya. Jumapili ya tatu watu walipanga foleni kumgusa. Khisa alikaa benchi la nyuma na jasho likimtiririka mgongoni, akiyahesabu mapigo ya wimbo na kuomba uishe. Nyumbani aliona madoa madogo meupe kwenye ncha za vidole vya mkewe. Alipouliza, Nanjala alivificha ndani ya kanga.

"Ni nyuzi tu. Nilikuwa nimekaa sana bila kupiga."

Alikuwa anakula vizuri sasa. Jioni alizungumza habari za shule, za mwanafunzi aliyeleta mbuzi darasani, akacheka hadi machozi. Na kila alipocheka Khisa alijiona kama mtu anayemtazama mtoto akicheza kando ya kisima, hawezi kumwita maana akimwita atashtuka.

Mwishowe hofu ilimshinda. Jumamosi iliyofuata alimwambia Maweu anataka kusafisha amplifaya, akafungua plagi, akaurudisha waya wa kijani. Alijaribu tester kwenye nyuzi. Haikuwaka. Alijiegemeza ukutani.

Kesho yake gita lilinguruma. Nanjala alifunga macho, akapiga wimbo wa kwanza, akapiga wa pili. Katikati ya wa pili aliacha. Aliviangalia vidole vyake, akaugusa uzi tena, akausogeza mdomo kwenye mikrofoni akakaa hivyo haimbi, watu wakingoja. Kisha alilivua gita shingoni, akaliweka chini, akatoka nje.

Khisa alimkuta nyumbani ameketi kitandani, uso ukutani.

"Ameniacha tena," akasema.

Khisa alisimama mlangoni. Wiki ile nzima Nanjala hakula chochote cha maana. Dirisha lilifungwa. Khisa alijua amefanya haki, na bado usingizi ulimkataa kama mtu aliyeua. Akakata shauri kwamba Jumamosi atafanya kazi sawasawa: avute ule waya mnene hadi kwenye tangi, mngurumo uishe bila hatari, angalau mkewe arudishiwe sauti yake. Zaidi ya hapo hakuwa na dawa.

Jumamosi ikanyesha. Kanisa lilikuwa limefunga na kuomba tangu mwezi wa pili, ng'ombe walikuwa wamekufa hadi kando ya barabara, kisha saa nane mchana mbingu zikafunguka. Watu walitoka nje wakasimama wakilowa, wakicheka. Khisa alisimama chini ya ukingo wa bati la kibanda chake. Hakukuwa na fundi wa kuvuta waya wa stima katika mvua ile. Alijiambia haidhuru, plagi niliiweka sawa.

Asubuhi ya Jumapili Nanjala aliamka mapema, akaoga, akavaa.

"Naenda kusaidia kupanga vyombo," akasema. "Leo ni shukrani ya mvua. Utakuja?"

"Nakuja."

Alimtazama muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha akatoka.

Khisa alichelewa. Udongo mweusi wa Kitengela ukilowa unashika viatu, kila hatua unaongeza kilo, na ilimbidi asimame mara kwa mara kuukwangua kwa kijiti. Alikuwa bado upande wa pili wa barabara alipolisikia gita. Alisikiliza kwanza kama fundi, kwa mazoea. Sauti ilikuwa nzuri. Ilikuwa imenyooka, kila uzi peke yake, na kati ya uzi na uzi palikuwa kimya.

Hapakuwa na mngurumo.

Alikimbia. Alivuka barabara bila kutazama, lori likampigia honi ndefu, akaanguka katika tope, akainuka. Mlangoni mwa kanisa alikuta kitu ambacho hakuwahi kukiona pale: viatu. Viatu vya watu mia na zaidi, vimepangwa safu safu kando ya ukuta, vya wazee, vya akina mama, vya watoto. Sauti ya Mchungaji Gakuru ilikuwa inasema kwenye kipaza sauti kwamba Mungu amejibu, kwamba leo hapa ni mahali patakatifu, tusimame juu ya udongo wake alioulowesha yeye mwenyewe. Viatu vya raba vya Nanjala vilikuwa katika safu ya kwanza.

Ndani maji yalikuwa yameingia chini ya mabati usiku kucha, na sakafu ya udongo ilikuwa tope. Nanjala alisimama mbele, miguu mitupu, tope hadi vifundoni. Khisa alimwona akifunga macho. Alimwona akisogeza mdomo kwenye mikrofoni. Gita likatoa mlio mmoja mfupi, kisha likanyamaza, na mwili wa mkewe ukanyooka wote, kichwa kikarudi nyuma, mkono wa kushoto ukafunga juu ya nyuzi na haukufunguka.

Kanisa likashangilia. Nataka ulielewe hilo. Walimwona akitetemeka na meno yakigongana, na kwa wiki nne walikuwa wamefundishwa hiyo ni nini, basi walipiga makofi, waliruka, akina mama walipiga vigelegele. Mchungaji alipaza mikono. Kadiri alivyotetemeka ndivyo walivyoimba.

"Zimeni stima!" Khisa alipiga kelele. "Ni stima! Anakufa! Zimeni!"

Waliokuwa nyuma waligeuka, wakamwona mtu aliyejaa tope, macho yamemtoka. Mhudumu mmoja alimkumbatia kiunoni na kuanza kumkemea pepo. Khisa alimpiga kiwiko, akapita juu ya mabenchi, akaangusha watu, akafika kwenye soketi ya ukutani, akaikamata kebo kwa mikono miwili na kuing'oa pamoja na soketi yenyewe.

Nanjala alianguka kifudifudi juu ya gita. Nyimbo ziliendelea kitambo, kisha zikakatika benchi baada ya benchi.

Walimpeleka Kajiado kwa pickup ya mchungaji. Daktari alisema moyo ulikuwa umesimama kidogo njiani ukarudi wenyewe. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vimeungua hadi ndani, wakavifunga. Siku ya tatu Mchungaji Gakuru alikuja, akaomba, akawaeleza wagonjwa wote wa wodi ile kwamba wanauona muujiza kwa macho yao. Alipoondoka Khisa alivuta kiti karibu na kitanda. Alikuwa amekata shauri. Aseme, hata akimchukia maisha yake yote.

"Mwalimu, kuna kitu nataka kukuambia."

Alimwambia yote. Katoni, neno lile, plagi, tester iliyowaka, Jumatatu aliyosimama na koleo mkononi. Wiki tatu alizonyamaza. Alisema akitazama sakafu.

"Endelea," Nanjala akasema.

"Nimemaliza."

"Nilijua."

Khisa aliinua kichwa.

"Baba Melvin, nani hajui stima? Nikiwa Form Two pasi ilinishika bweni. Ile Jumapili ya kwanza, kabla tufike nyumbani, nilikuwa nimejua." Sauti yake ilikuwa imekauka lakini haikutikisika. "Nilikuwa nangoja uniambie. Nilikuona umesimama hapo kwa barabara. Nikasema, sasa ataniambia. Ukaniuliza tupike nini."

"Lakini ule waya... mimi niliurudisha. Ni Maweu aliutoa tena?"

"Ni mimi. Na kisu ya jikoni, kabla watu wafike."

"Na sakafu ni tope! Ungekufa, Nanjala!"

"Najua."

Kwenye kitanda cha pili mgonjwa alikohoa, akageuka.

"Tangu tutoke kumzika hujanishika mkono," Nanjala akasema. "Hata siku moja. Unashika redio za watu kutwa, unarudi, unalala ukiangalia upande ile ingine. Nilingoja mwaka wa kwanza. Nikangoja wa pili. Halafu kitu ikanishika." Alifumba macho, akayafumbua. "Nilijua si yeye. Nilijua si Mungu. Lakini ilikuwa inanishika."

Khisa alilia, hakujali wodi nzima ikimtazama. Mkono wa kulia wa mkewe ulikuwa na sindano ya dripu, basi aliuchukua ule wa kushoto, wenye bandeji nene, akauweka katikati ya viganja vyake. Nanjala alitazama mikono hiyo muda mrefu.

"Bonyeza," akasema.

Akabonyeza.

"Bonyeza tena."

Alibonyeza mpaka akaogopa kwamba anamuumiza, akamtazama usoni.

"Sisikii kitu," Nanjala akasema.